Mkono wa Nyondo: Huduma Ilivyopokezanwa Tangu Rabai

Kamati ya jubilii iliponiomba niandike historia, nilidhani nitaandika majina ya wenyeviti na kanda tulizorekodi. Hayo yako ukurasa mwingine. Mimi nimeona nianzie mbali kidogo, Rabai, kwa sababu ya jambo lililotupata mwaka jana.

Mwalimu wetu wa kwaya alilazwa hospitalini majuma matatu. Jumapili ya kwanza tulisimama mbele, nota mikononi, na hakuna aliyejua kutoa sauti. Tukaimba kwa kukisia. Sauti ya pili ilipotea hata kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kwaya nzima, na anayesoma sol-fa alikuwa mmoja tu, naye yuko kitandani. Baada ya ibada mzee mmoja alituuliza, “Miaka 25 mmekuwa mkifanya nini?” Hakuna aliyemjibu.

Waliokuwepo katika safari yetu ya Rabai watakumbuka lile jengo la kanisa la kwanza, ambalo leo ni makumbusho. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai. Krapf tunamjua sana kwa sababu alizunguka sana na kuandika sana. Rebmann tulifundishwa shuleni kwamba aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, basi. Lakini yeye ndiye aliyekaa. Alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani, na kwa muda mrefu waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Anayepima huduma kwa wingi wa watu angalifunga mizigo mapema.

Kumbe kazi ilikuwa ikiendelea, ila polepole. Rebmann alikaa na watu, akauliza maneno, akaandika. Mmoja wa waliomfundisha ni Salimini, mtumwa kutoka upande wa Nyasa. Kamusi ya lugha yake, iliyotokana na vikao vyao, ilichapishwa mwaka 1877. Mmisionari mzima anakaa chini kufundishwa na mtumwa! Sisi wengine ukishapewa tu kijiti cha kuongozea wimbo, hutaki tena kusahihishwa na mtoto wa besi.

Miongoni mwa waumini wa mwanzo alikuwa Abe Gunja, na mwanawe Isaac Nyondo. Nyondo alikua karibu na Rebmann, akisoma na kumsaidia. Macho ya mwalimu yakaanza kufifia mpaka akawa kipofu kabisa. Mwaka 1875 alipokubali kurudi Ulaya, hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemwongoza hadi Ujerumani ni Nyondo. Rebmann akafa huko Korntal, Oktoba 1876. Sipendi jinsi jina la Nyondo linavyopitwa haraka katika vitabu, kana kwamba alikuwa mbeba mzigo tu. Mwanafunzi alikuwa amekuwa macho ya mwalimu wake.

Wengine walitoka mbali zaidi. William Jones na Ishmael Semler walikuwa katika lile kundi la Waafrika waliotekwa utotoni, wakakombolewa na kulelewa India, ambako huko Nasik walifundishwa masomo pamoja na kazi za mikono. Walikuja Rabai mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Mei 1885 Askofu James Hannington aliwafanya mashemasi huko Frere Town, hapo karibu na Kengeleni tunapopita kila siku kwa matatu.

Miezi miwili baadaye Jones aliondoka Rabai na Hannington kuelekea Uganda kwa miguu. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, askofu alitangulia na watu 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Hannington aliuawa Busoga Oktoba hiyo. Shemasi wa miezi michache ndiye aliyelazimika kuwarudisha watu nyumbani, na walifika Rabai Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu yenye jina Ikabodi. Anayesoma Samweli wa Kwanza sura ya 4 ataelewa uchungu wao. Nikiri pia jambo linalonisumbua: mtu huyo alingoja hadi mwaka 1895 ndipo akafanywa kasisi. Miaka kumi! Kazi alikwisha aminiwa nayo porini, cheo kikachelewa.

Nayasema haya kwa sababu na sisi tumecheleweshana. Vijana wa kwaya waliomba mara mbili wafundishwe nota na kuongoza, wakaambiwa bado. Mimi nilikuwa katibu, na kumbukumbu za vikao hivyo niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kusema neno.

Tangu mwalimu arudi kutoka hospitalini, Alhamisi saa kumi na moja jioni huwa anakaa na vijana sita chini ya mwembe wa kanisa. Yeye haandiki tena ubaoni, mikono inamtetemeka. Anaimba, wao wanaandika. Baada ya zoezi wanabeba kinanda, na mmoja anamsindikiza hadi stejini.

Wimbo wa nne katika ratiba ya leo utaongozwa na msichana wa kidato cha tatu. Mwalimu ameomba kiti, safu ya nyuma, kwenye sauti ya nne.