Toshiba T3100: Meza Nzima Ndani ya Kilo Saba

Aliyetaka kusafiri na kompyuta katika miaka ya mwanzo ya 1980 alikuwa hana budi kukubali taabu moja kati ya mbili: ama abebe Compaq Portable ya mwaka 1983, yenye uzito kama wa cherehani ndani ya sanduku lake, ama, baadaye kidogo, aridhike na T1100 ya Toshiba ya mwaka 1985, nyepesi na yenye betri, lakini isiyo na diski ngumu, na ambayo skrini yake ya LCD, kwa kukosa taa ya ndani, ilitegemea nuru ya chumba.

T3100, iliyotolewa na kampuni hiyo hiyo ya Japani mwaka 1986, ilikuja na dhamira nyingine. Katika uzito usiotimia kilo 7 ilikusanya kila alichokizoea mhasibu au mhandisi mezani pake: kichakataji cha Intel 80286 cha megahezi 8, kumbukumbu ya kilobaiti 640, flopi, na diski ngumu ya megabaiti 10, ambayo kwa zama zile ilikuwa hazina isiyodharaulika.

Fahari yake hasa, hata hivyo, ilikuwa skrini ya plazima. Baina ya vioo viwili vilivyokaribiana mno ilifungiwa gesi ya neoni. Nyaya nyembamba zikapita wima upande huu na mlalo upande wa pili, na kila zilipopishana nyaya mbili zilizopelekewa umeme wa kutosha, gesi ikawaka nukta moja ya rangi ya machungwa. Nukta hizo, 640 kwa 400, zilitoa maandishi dhahiri yasiyomchosha msomaji. Na huko Japani, ambako herufi za kanji zataka nukta nyingi ili zisomeke, mashine hiyo iliuzwa kwa jina la J-3100.

Uzuri huo ulikula umeme mwingi, hata betri ikaachwa kabisa. Wapo walioihesabu hiyo kuwa nakisi. Mimi naona ni uamuzi wa busara, madhali aliyekusudiwa alikuwa mtu wa kutoka meza hii kwenda meza ile, na kwenye kila meza hakukosi soketi.

Ushuru wa asilimia 100 ambao Rais Reagan wa Marekani aliutoza Aprili 1987 juu ya baadhi ya bidhaa za Japani, kompyuta zikiwamo, haukuukata ukoo huu: mwaka ule ule ilitoka T5100 yenye kichakataji cha 80386, kisha T5200, nzito zaidi, iliyopokea hata kadi za nyongeza za kompyuta za mezani. DynaBook J-3100SS ilipotokea Japani mwaka 1989, ikiwa na kilo 2.7 na betri, haikuwa na diski ngumu. Kwa hiyo mwenye kazi nzito alikuwa bado hajapata sababu ya kuiacha plazima yake.