Kitawala: neno lililofunga mazungumzo Masisi na Walikale

Leo naweka pembeni mihogo na magonjwa ya migomba, niongee historia kidogo. Mimi ni mtu wa agronomi, si mwanahistoria, lakini hii historia inagusa hata kazi yangu, mutaona.

Kwetu, mtu akichoka kujibu mabishano ya dini, ana neno moja tayari: "Wachana naye, uyo ni Kitawala." Basi, imekwisha. Hakuna tena anayeuliza yule mtu alisema nini. Mimi nimelisikia hilo neno likirushiwa watu ambao hawajawahi kusali na Bakitawala hata siku moja.

Neno lenyewe lilitoka mbali. Huko Marekani, Charles Taze Russell alianzisha Watch Tower, yaani Mnara wa Mlinzi. Elliott Kamwana alileta mafundisho hayo Nyasaland, Malawi ya leo, na kati ya 1908 na 1909 alibatiza maelfu ya watu. Kutoka pale yakapita Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 yakaingia Katanga. "Tower" ikageuka "tawala" mdomoni mwa watu, na kila anayejua Kiswahili anasikia mara moja kile ambacho Wabelgiji walikiogopa: kutawala. Jina lenyewe likawa mashtaka.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1944, kuanzia Januari hadi Mei, uasi uliwaka katika eneo la Masisi na Lubutu. Masisi ya kiutawala ya wakati ule ilifika mbali magharibi kuliko leo, ndani ya pori la Walikale ya sasa. Kiongozi alikuwa Bushiri Lungundu, Mkumu, ambaye alijitangaza kuwa amekuja kwa nafasi ya Yesu na kwamba mwisho wa utawala wa Wazungu umefika.

Juu ya nini watu walimsikiliza? Hapa naomba tukawie. Tangu 1917 Leta ilikuwa na sheria ya kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka. Vita vya pili vilipokuja, Wajapani wakachukua Asia ya kusini-mashariki, mashamba ya mpira ya huko yakawapotea Waingereza na wenzao, na mzigo ukarudi mgongoni mwa Mkongo. Mwaka 1942 siku zikapandishwa hadi 120. Watu wakatumwa tena porini kutafuta mpira, kitu ambacho wazee wao walikikumbuka vibaya tangu wakati wa Leopold. Mtu wa agronomi anaelewa haraka: siku 120 zikitoka kwa mwaka, nani anapalilia shamba la nyumbani? Nani anavuna kwa wakati? Njaa hapo haihitaji nabii wa kuieleza.

Kwa hiyo katika maneno ya Bushiri na watu wake kulikuwa na vitu viwili vilivyochanganyika. Kimoja ni malalamiko: kazi ya lazima, mpira, fimbo. Hayo yangeweza kupimwa, mtu angehesabu siku na kilo. Kingine ni dai la imani: mimi nimetumwa, na wakati ni sasa. Hilo pia lingeweza kuulizwa maswali kwa heshima. Ametumwa na nani? Maandiko yanasema wapi? Siku ikipita bila kutimia, tuseme nini?

Leta haikujibu hata kimoja. Majibu yake yalikuwa juu ya mtu: mshupavu, mdanganyifu, hatari. Askari wakatumwa, wengi wakauawa, Bushiri akakamatwa na akafia kizuizini.

Kuna wenzetu wanaosema kwamba kumgusa kiongozi wa dini kwa namna yoyote ni kumtukana. Mimi sikubali. Bushiri aliweka nafsi yake mwenyewe kuwa ushahidi. Mtu akisema "nimechukua nafasi ya Yesu", kuuliza habari za maisha yake na matendo yake ni haki kabisa, ni sehemu ya hoja. Lakini kusema "Bakumu ni watu wa pori, wanadanganyika haraka" hakupimi kitu chochote. Ukiondoa hilo sentensi, hoja haipungui hata kidogo. Mimi hapo ndipo naweka mpaka.

Na tusiwafanye Bakitawala malaika. Uasi uliwashambulia machifu na watumishi wa Leta. Kabla ya hapo, mwaka 1925, Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu, alizunguka Rhodesia ya Kaskazini na kuvuka hadi Katanga akibatiza. Aliyeshindwa kuzama vizuri majini aliitwa mchawi, na makumi ya watu waliuawa hivyo. Waingereza walimnyonga 1926. Fikirieni mtu aliyeitwa mchawi pale mtoni: angejitetea kwa hoja gani? Hakuna.

Hii kwetu si hadithi ya zamani tu. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Masisi na Walikale wamenyunyiziwa maji ya Mai-Mai wakaenda mbele ya risasi. Kuuliza kama yale maji yanakinga kweli ni kukosoa kwa haki, na kunaweza kuokoa mtu. Lakini mara mingi anayeuliza anaitwa msaliti, au anaulizwa kabila lake. Upande wa pili pia, msomi anayesema "hao ni washenzi" hajamtoa kijana hata mmoja porini.

Turudi kwa Leta ya Wabelgiji. Dekreti ya 1910 iliruhusu utawala kumhamishia mtu mbali bila kesi mahakamani, ilitosha kusema anavuruga utulivu. Bakitawala wengi walihamishwa hivyo, na wale walioonekana hatari zaidi walifungiwa katika kambi zilizoitwa koloni za kilimo, kama Kasaji kule Katanga na Ekafera kule Ekwateri. Ndiyo, kilimo, fani yangu mimi, ikawa gereza. Huko wakakutana na Bakimbangu na watu wa madhehebu mengine, wakahubiri, na wenyeji wa karibu wakasikia. Kitawala ikafika majimbo ambayo Bushiri mwenyewe hakuwahi kukanyaga, na ile hesabu ya siku 120 ilikuwa bado haijajibiwa.