Sekunde 8: Usukani Ulioamua Tour de France

Wasee, mtu akibadilisha usukani wa baiskeli wengi hudhani ni urembo tu. Basi cheki kilichotokea Ufaransa mwaka wa 1989.

Ni tarehe 23 Julai, siku ya mwisho ya Tour de France. Laurent Fignon, Mfaransa aliyekuwa ameshinda mbio hizi 1983 na 1984, anaongoza kwa sekunde 50. Anayemfuata ni Greg LeMond wa Marekani, jamaa aliyepigwa risasi kimakosa akiwinda 1987, na vipande vyake bado vilikuwa mwilini. Zimebaki kilomita 24.5 pekee, Versailles hadi Paris, kila mtu akiendesha peke yake dhidi ya saa. Wengi walishasema hii imeisha.

Sasa angalia mikono yao. Usukani wa Fignon ulikuwa na pembe mbili, mikono imeachana, kifua kinapokea upepo. LeMond alikuwa amefunga vyuma vya ziada kwa mbele: viwiko vinaegemea pamoja, viganja vinakaribiana, mgongo umelala. Wanatriathlon walikuwa wanavitumia tayari. Na ukipita kilomita 50 kwa saa, nguvu nyingi ya miguu inaishia kusukuma hewa. Ukijikunja vizuri, hewa inakupita.

LeMond alikimbia kwa wastani wa kilomita 54.5 kwa saa. Fignon alimaliza sekunde 58 nyuma yake. Toa zile 50 alizokuwa nazo. Zinabaki 8. Hadi leo, hakuna Tour ya wanaume iliyoamuliwa na pengo dogo hivyo.

Kuna wanaosema ile ilikuwa hila, ati vyuma vilimpa LeMond mahali pa ziada pa kuegemea. Mimi hapo nakataa. Haikuwa siri! Tarehe 6 Julai, kwenye kilomita 73 za Dinard hadi Rennes, LeMond alitumia vyuma hivyo hivyo, akashinda, na Fignon akapoteza sekunde 56. Kwa hivyo Fignon na timu yake walikuwa na siku 17 za kufikiria.

Ukweli usemwe, si usukani peke yake. LeMond alivaa helmeti, Fignon aliacha nywele zipepee. Tena Fignon alikuwa na kidonda pale anapokalia, na kila kilomita ilimuuma. Lakini kidonda hukuchagua. Usukani unachagua.

Kinachoniuma ni hiki: Fignon alifariki 2010, na bado watu wengi wanamkumbuka kwa zile sekunde 8 kuliko kwa Tour mbili alizoshinda. Na baada ya siku ile, vyuma vile vilienea kila mahali kwenye mbio dhidi ya saa.

Haya niambie ukweli: ungekuwa Fignon jioni ya 6 Julai, bingwa mara mbili, ungemwita fundi, ama ungesema usukani wako umekutosha?