Mashauri ya Vikao Vichache: Kumbukumbu ya Kaaga

Msafiri atokaye Kangeta, penye mashamba ya miraa, akishika njia ya kwenda mjini Meru, hupita Nchiru, makao ya baraza la Njuri Ncheke, ambako wazee walizoea kulikalia shauri moja hata likaiva, wala hapana aliyeuliza saa. Kisha, mji ukikaribia, huifikia Kaaga, kilipo Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, kilichoanza mwaka 1997 na kupata hati kamili ya serikali mwaka 2006, na ambacho miongoni mwa ilimu zake ni saikolojia ya ushauri nasaha.

Ilimu hiyo haikuchipuka Meru. Nairobi ilikuwa na kituo cha ushauri nasaha cha Amani tangu mwaka 1979. Lakini bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu zaidi ya 200 penye ubalozi wa Marekani, ndilo lililodhihirisha kwa umma kwamba zipo jeraha ambazo neno la pole, japo latoka moyoni, haliziponyi.

Huko Kaaga, mwanafunzi wa uzamili wa ilimu hiyo, baada ya vitabu, hana budi kuketi na mwenye dhiki ana kwa ana, chini ya jicho la msimamizi. Na kwa kuwa muhula ni mfupi, na mteja aghalabu ni kijana atakayefunga sanduku arudi kwao likizo ifikapo, vikao huwa vichache. Hapo hufaa njia ya Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waliyoianzisha Milwaukee, Marekani. Mshauri hamchimbui mtu tangu utotoni. Humwuliza: kama dhiki hii ingeondoka usiku huu umelala, asubuhi ungejuaje kwamba imeondoka? Kisha humtaka aipime hali yake, toka sifuri hata kumi. Akisema tatu, haulizwi mbona si kumi, bali ni kitu gani kilichomzuia asishuke hata mbili. Swali dogo, nami naliona lina insafu kubwa, maana humkumbusha mtu nguvu aliyoisahau. Lililo gumu kwa mwanagenzi ni kunyamaza: mteja akiinamisha kichwa, yeye kalamu mkononi, ulimi humwasha kutoa wasia kama mjomba.

Tangu sheria ya mwaka 2014, mshauri nasaha nchini Kenya hupaswa kusajiliwa kabla ya kuifanya kazi hiyo. Basi mzazi wa Kangeta, mwanao akikwambia amekwenda kwa mshauri, usimdhanie wazimu. Mwulize tu kama mshauri huyo amesajiliwa, au yuko chini ya aliyesajiliwa.