Kituliza Nini?

“Mwalimu, hiki kiswichi cha ubavuni mwa lenzi, Kiswahili chake ni nini?”

Aliyeniuliza ni kijana mwenye studio ndogo sokoni Ntimaru, anayeishi kwa kupiga picha za harusi, mazishi na pasipoti. Alikuwa amejinunulia lenzi ya mtumba ya milimita 400 na kwenda nayo hadi Ruma, katika Bonde la Lambwe kule Homa Bay, kumtafuta korongo. (Lugha yetu imempa jina hilo swala mkubwa mwenye umbo la kukaribia farasi, ikampa pia ndege wa miguu mirefu, ikaupa na mfereji uliochimbwa na maji ya mvua. Ukiandika kwamba umeona korongo, msomaji ana haki ya kuuliza ni yupi.) Katika Kenya nzima huyo korongo wa pembe amebaki Ruma tu, tena wachache, kwa hiyo safari haikuwa ya mchezo.

Alimwona, magharibi ikikaribia. Picha aliyonionyesha ilinishika. Nyasi zilizomzunguka mnyama zilikuwa zimetoka jani kwa jani, lakini korongo mwenyewe, aliyekuwa akikimbia, alikuwa amefutika kama aliyepanguswa kwa kidole. “Na swichi nilikuwa nimeiwasha,” kijana akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeuziwa dawa isiyofanya kazi.

Dawa ilifanya kazi. Nyasi zile ndizo ushahidi. Tatizo lilikuwa jina la dawa.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukishika lenzi ya milimita 400 mkononi, shata, yaani mlango unaoingiza mwanga kwenye kamera, isiwe ya polepole kuliko sehemu moja ya 400 ya sekunde, la sivyo mtetemo wa mkono utaonekana. Swichi ile, inayowasha kifaa cha kupambana na mtetemo huo, inakuruhusu kushuka chini ya hapo. Lenzi inayoahidi hatua nne inakupeleka, angalau kwa hesabu, kutoka 1/400 hadi 1/200, 1/100, 1/50, mpaka 1/25. Kijana alisimama kwenye 1/50. Mkono wake ulisamehewa, ndiyo maana nyasi zilitulia. Lakini ndani ya muda huo korongo alikuwa amekwisha kusogea, na hakuna kifaa ndani ya lenzi kinachomjua korongo. Mnyama anayekimbia anataka shata ya 1/1000 au zaidi, na kwenye kasi hiyo swichi haibakiwi na kazi kubwa.

Sasa tazama majina ambayo watengenezaji wenyewe walitoa. Canon, walipotoa mwaka 1995 lenzi yao ya kwanza ya kubadilishwa yenye kifaa hiki, waliandika IS, herufi za maneno yanayodai kwamba picha ndiyo inayoimarishwa. Nikon, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wamekiweka katika kamera ndogo, waliandika VR, wakiahidi kupunguza mtetemo. Tamron wana VC: mtetemo unafidiwa. Kitu ni kimoja, madai ni matatu. La Canon ndilo lililovuma, nalo ndilo lililompoteza kijana wetu, kwa sababu aliyeahidiwa picha tulivu atadhani kila kilichomo pichani kitatulia.

Kiswahili kina kiwanda kizuri cha majina ya vifaa. Unachukua ki-, unaweka kitenzi, kisha unataja kitu kinachotendwa: kinasa sauti, kipaza sauti, kipima joto. Abiria wa matatu tulijifunza kidhibiti mwendo wakati wa kanuni za Waziri John Michuki, mwaka 2004. Uzuri wa umbo hili ni kwamba halikubali uvivu. Lazima useme kifaa kinatenda nini, na kinamtenda nani.

Kitenzi kwanza. Kuimarisha nimekukataa mapema, maana ni neno la nguzo na uchumi. Kuzuia kunasema kupita kiasi, kwa kuwa mkono hauzuiwi, unaendelea kutetemeka vilevile. Kufidia kulinivuta sana, kwa sababu ndiko kunakoeleza mtambo wenyewe: ndani ya lenzi mna vihisi vinavyopima jinsi inavyoyumba, na kundi la vioo linalosukumwa upande wa pili kwa kiasi hichohicho. Hasara imekwisha kutokea, kioo kinailipa. Lakini huku kwetu, tulio jirani na Trans Mara na wanyama wake, neno fidia lina mwenyewe. Ni madai ya mkulima ambaye ndovu wamelala katika mahindi yake, fidia iliyoandikwa katika Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Sitalichukua neno ambalo mtu bado analingojea ofisini.

Nikabaki na kutuliza. Wengine watasema ni laini mno. Mimi naona lina ukweli ambao mengine hayana, na ukweli huo umo katika dawa ya kutuliza maumivu. Kila aliyeumwa jino anajua kwamba dawa hiyo haiponyi jino. Ugonjwa upo palepale, ila wewe huusikii. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye lenzi: mtetemo upo, picha haiusikii.

Kutuliza nini, basi? Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko swichi. Mkono hutetemeka. Mwili uliosimama muda mrefu huyumba. Gari ambalo dereva hajazima injini hutikisika, likakutikisa na wewe. Bawa hupapatika. Maneno matatu ya kwanza ni ya mpiga picha, la nne ni la ndege, na mpaka huo ndio pekee unaohitaji kuujua. Nikon wameuendea kwa njia yao, kwani lenzi zao nyingi zina mahali pawili pa kuwashia, pa kwanza pa anayetetemeka mwenyewe na pa pili pa anayetikiswa na chombo alichomo. Na mwewe anapopita chinichini juu ya bucha za soko letu, ukimfuata kwa kamera toka kushoto kwenda kulia, lenzi nyingi za Canon zina namba 2, inayouachia mwendo wako wa pembeni na kutuliza wa juu na chini pekee. Kwenye tripodi imara, lenzi za zamani ni bora zizimwe kabisa, kwa maana hakuna mkono wa kutulizwa na kifaa huanza kutafuta mtetemo usiokuwepo.

Neno langu, kwa hiyo, ni kituliza mkono. Si kituliza picha, wala kituliza mtetemo, kwa kuwa kutetemeka kwa sikio la swala nako ni mtetemo. Mkono unamwambia mtumiaji mipaka ya kifaa kabla hajafungua kitabu cha maelezo. Ukiwa ndani ya gari karibu na Mto Mara, nyumbu wakivuka, utakumbuka kwamba mkono umeshughulikiwa na nyumbu bado ni kazi yako. Zima injini, laza lenzi juu ya mfuko wa maharagwe dirishani, pandisha shata.

Kijana alikata kipande cha plasta, akaandika MKONO, akakibandika kando ya swichi. Ndugu msomaji, kama wapiga picha wa Mbita, Musoma au Arusha mna jina lenu ambalo limekwisha kukaa midomoni, nileteeni. Likiwa linasema ni nini kinachotulizwa, nitaliandika hilo na kuliacha langu.