Nasaha Zilizopitwa na Wakati: Historia Fupi ya Kompyuta ya Nyumbani, Kutoka Shanzu

Leo nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kitu kingine kabisa, lakini kuna jambo limetokea nyumbani na naona heri niliandike kabla sijalisahau. Kuna somo ndani yake, na lawama vilevile. Lawama ni zangu.

Shangazi yangu tunaishi naye jirani hapa Shanzu. Jumapili moja alinipigia simu: "Mwanangu, hebu ndoo utizame hii kompyuta, imeingiwa na nini sijui." Nilipofika nikakuta picha hazifunguki, barua hazifunguki, na kila faili imeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina lake. Katika kila folda kulikuwa na ujumbe wa Kiingereza unaodai dola mia kadhaa. Wanaofanya kazi yangu wanakijua kitu hiki: ni kirusi cha kudai fidia. Kinafungia faili zako kwa ufunguo alionao mwizi peke yake.

Humo ndani mlikuwa na hesabu za chama cha akina mama, barua alizowachapia watu kwa miaka mingi, na picha za marehemu mume wake.

Kirusi kiliingia na programu ya kutengeneza vyeti ambayo kijana mmoja alimwekea bure. Kuna programu ya kuzuia virusi kwenye ile kompyuta, lakini orodha yake ya virusi ilikuwa ya mwaka 2014. Nikaenda kwenye mipangilio ya Windows 7 nikaona sababu: apdeti zote zimezimwa. Nikauliza, "Shangazi, nani alizima hizi?"

Akanitazama. "Si wewe?"

Ni mimi kweli. Mwaka 2014 nilikuwa kijana wa sekondari, fundi wa mtaa mzima bila malipo, na nilimwambia maneno haya haya: "Shangazi, zima apdeti, zinakula bando." Akanisikiliza, na hakuziwasha tena.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku ile. Nasaha yangu haikuwa ya kijinga. Ilikuwa sahihi kwa wakati wake, kisha wakati ukapita, na hakuna aliyerudi kumwambia shangazi. Nimegundua kwamba nasaha nyingi za kompyuta tunazopeana majumbani ziko hivyo. Basi tuziangalie moja moja na historia yake.

1. "Zima apdeti"

Kwa wasomaji wadogo ambao hawakuziona siku zile: kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitoka nje ya nchi kwa satelaiti. Satelaiti hizo hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Ukituma ombi lipande, lishuke, kisha jibu lipande na kushuka tena, inakwenda karibu nusu sekunde kabla ukurasa haujaanza hata kufunguka. Tena ilikuwa ghali. Kuanzia 1998 mlango mkuu wa kwenda nje ulikuwa Jambonet, ya shirika la simu la serikali.

Ajabu zaidi, kwa miaka kadhaa barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata wakiwa mtaa mmoja, ilizunguka mpaka ng'ambo ikarudi. Kampuni za intaneti zilijenga kituo chao cha kubadilishana data Nairobi, KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na tume ya mawasiliano ikakifunga. Kikafunguliwa tena Februari 2002.

Katika hali hiyo, mtu wa kawaida alitumia intaneti saiba, kwa kulipia dakika. Hakuna mwenye saiba aliyekubali Windows ijipakulie vitu vyake kimyakimya huku wateja wakisubiri. Nasaha ya kuzima apdeti ilizaliwa huko, na ilikuwa ya haki kabisa.

Juni 2009 mkongo wa TEAMS, wenye urefu wa kilomita zipatazo 5,000, ulifika Mombasa kutoka Fujairah. Julai mwaka huohuo SEACOM nao ukaanza kazi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka watu wazima wakisema kwamba sasa intaneti itakuwa kama maji ya bomba. (Anayejua maji ya bomba ya kwetu atacheka.) Mkongo ulitua Mombasa, lakini nyumba za Shanzu hazikuupata siku hiyo. Tulichopata ni modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta, yenye laini ya simu ndani, na bando la kuhesabu.

Na hapo nasaha ikapata maisha mapya. Service Pack 1 ya Windows 7, iliyotoka 2011, faili yake kamili ilizidi MB 500. Mtu mwenye bando dogo la wiki angeamka asubuhi akute limekwisha na hajasoma hata barua moja. Nilipomwambia shangazi azime, nilikuwa namwokolea pesa.

Lakini angalia kilichofuata. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu moja la Windows. Mei 12, 2017, chini ya miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilohilo na kuingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, nyingi zikiwa za Windows 7. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imekwisha kutolewa. Wengi walikuwa hawajaitia. Kompyuta ya shangazi nayo ilikuwa haijaitia. Ilinusurika mwaka ule kwa bahati tu.

La kufanya leo: usizime apdeti. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna njia ya katikati. Fungua "Settings", nenda kwenye mtandao unaoutumia, kisha washa "Metered connection". Hapo unaiambia Windows kwamba intaneti hii ni ya bando, nayo itasubiri na apdeti nyingi. Ukifika penye waifai isiyohesabiwa, kompyuta itajipakulia yenyewe. Angalia pia toleo lako. Windows 7 iliachwa bila apdeti Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kama kompyuta yako ya zamani haiwezi Windows 11, kuna Linux za bure zinazokwenda vizuri tu kwenye mashine kuukuu.

2. "Shikilia Shift ukichomeka flashi"

Hii wazee wa saiba wanaikumbuka. Windows XP ilikuwa na tabia ya kuendesha programu yenyewe mara tu unapochomeka diski. Watengeneza virusi wakaona mlango uko wazi. Kirusi cha Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kilisambaa kwenye mitandao na kwenye flashi pia, kikaingia mamilioni ya kompyuta duniani. Kwetu hakikuhitaji hata mtandao. Flashi moja ilitoka shuleni ikaenda saiba, ikaenda studio ya picha, ikarudi nyumbani, na kila ilipopita iliacha mbegu.

Kushikilia kitufe cha Shift kulizuia ile tabia. Nasaha nzuri, kwa wakati wake. Windows 7 iliyotoka Oktoba 2009 haikuendesha tena programu za flashi yenyewe, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza apdeti ya kufanya hivyo kwa XP na Vista. Leo unashikilia Shift bure.

Kilichobaki ni ujanja wa pili: faili inayojifanya folda. Wengi mnaikumbuka "New Folder.exe", yenye picha ya folda ya manjano. Na ule mwingine unaoficha faili zako na kuacha njia za mkato tu. Ukikutana nao, usiumbe flashi upya kwanza. Mara nyingi faili zako zimo. Kama flashi ni F, fungua dirisha la amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Faili zitajitokeza tena. Nakili zako, usiguse zinazoishia na .exe wala njia za mkato, kisha ndipo uisafishe flashi. Na kwenye mipangilio ya folda, iambie Windows ikuonyeshe herufi za mwisho wa majina ya faili. Picha halisi haiishii na .exe.

3. Tatu za haraka haraka

"Ngoja betri iishe kabisa ndipo uchaji." Hiyo ilikuwa ya betri za nikeli. Laptopu za leo hutumia betri za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza 1991, na hizo huumia ukizimaliza kila mara.

"Weka picha zinazocheza kwenye skrini." Skrini za kioo kizito ziliweza kubaki na alama ya picha iliyokaa muda mrefu. Kwenye skrini bapa ya laptopu yako, afadhali uiache izime, utaokoa stima.

"Panga diski kila mwezi." Ilisaidia diski zinazozunguka. Diski za SSD hazina sindano ya kukimbia huku na kule, na Windows huzitunza yenyewe.

4. Nasaha za pwani

Hizi hazimo kwenye vitabu vya Marekani. Kwetu Shanzu hewa ina chumvi na joto. Wengi hufunika laptopu kwa kile kitambaa cha kufuma, kama redio ya babu. Kitambaa ni kizuri ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwa inafanya kazi, unaziba matundu ya kupumulia. Na stima ikikatika, chomoa waya ukutani, usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi. Nguvu ya kwanza ya kurudi ndiyo inayoua vifaa.

5. Ile ambayo haijapitwa

Turudi kwa shangazi. Nilimwambia tusilipe. Kulipa hakuna hakika, na kunalisha wezi. Nikanakili faili zilizofungwa pembeni, kwa sababu funguo za virusi vingine hupatikana baadaye. Kuna tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, ambayo hutoa funguo hizo bure. Ya kirusi hiki haikuwepo. Nitakuwa naangalia.

Kisha akaingia chumbani akatoka na kopo la biskuti, lile la bati ambalo kila nyumba huweka sindano na nyuzi. Ndani mlikuwa na flashi ya GB 4. "Hii ndiyo uliyonipa mwaka ule ukasema niweke picha, nisiiache kwenye kompyuta."

Picha zote mpaka mwaka 2016 zilikuwamo. Mjomba amekaa kibarazani, mjomba na boti Mtwapa, mjomba na mimi nikiwa na sare ya shule. Za baadaye zimekwenda, pamoja na hesabu za chama, ambazo sasa akina mama wanaziandika upya kutoka kwenye daftari.

Kumbe siku ileile, au karibu yake, nilitoa nasaha mbili. Moja ilimwangamizia faili na nyingine ikamwokolea. Kuweka nakala kulifaa siku za diski laini za MB 1.44, kukafaa kwenye CD, kunafaa leo kwenye flashi au mtandaoni. Weka nakala mahali pawili, na moja isikae imechomekwa kwenye kompyuta, maana kirusi hufungia na hiyo.

Kwa wenzangu tunaoitwa mafundi wa familia: dawa huandikwa tarehe ya mwisho kwenye chupa. Sisi tunatoa nasaha bila tarehe. Jioni hii pigia simu mmoja tu kati ya watu uliowahi kuwasaidia, umuulize, "Nilikuambia nini?" Mimi nina orodha ya nyumba sita hapa mtaani, na nimekwisha kupita mbili.

Tuonane tena, na kopo la biskuti msilisahau.