Magonjwa ya zinaa, tiba ya (Kisiwa cha Mombasa)
Kisiwani Mombasa, mtu anayetokwa na usaha sehemu za siri kwa kawaida hupewa antibiotiki siku hiyohiyo, kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Kisonono na klamidia hutibiwa pamoja. Utaratibu huu, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ni wa haraka lakini una kasoro kubwa: wanawake wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote. Zahanati ya Ganjoni imekuwa kituo cha utafiti wa maradhi haya tangu 1993. Siprofloksasini, iliyotegemewa zamani, imeshindwa na kisonono. Sindano ya seftriaksoni imeshika nafasi yake. Kaswende changa ingali inatibika kwa sindano moja ya penisilini, yuniti milioni 2.4. Mwenzi naye sharti atibiwe.